Kamba ya Umazi

Adui akikupenda, mwache ashuke kisimani kwanza. Nimelisema hilo leo asubuhi, nanyi mkacheka, mkadhani nawafundisha kuwazamisha watu. Mjukuu wangu Kadzo ndiye aliyecheka zaidi, na ndiye hasa niliyekuwa nikimwambia. Basi wekeni hayo magunzi chini mnisikilize. Methali hii haikutungwa na mtu mwenye nafasi ya kutunga. Ilitokana na hofu, na mwanzo wake ni huu.

Huko Mwatsahu ni nchi kavu. Mto hakuna, na mvua ikija haikai. Watu wa zamani waliishi kwa visima vya kuchimba kwa mkono, vingine vya pima kumi na mbili kwenda chini, pima moja ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, na kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Mchimbaji alishuka na sururu na jembe fupi, akipanda na kushuka kwa vishikizo alivyochonga ukutani, na kamba kiunoni imlinde asiporomoke. Mwenzake alibaki juu. Huyo aliizungusha kamba mara mbili kwenye gogo lililosimikwa mdomoni mwa kisima, kisha akajifunga ncha yake kiunoni. Akiporomoka wa chini, wa juu naye yumo hatarini. Ndiyo maana mchimbaji hakupangiwa mshika kamba, alimchagua mwenyewe.

Tena ilikuwako desturi nyingine. Kisima kikikataa, yaani ukichimba ukakuta mchanga mlegevu badala ya maji, unakifukia na kupanda mti wa mnyaa juu yake kuwa alama, asije mwingine akachimba hapo akafa. Mnyaa ule ulikuwa aibu kwa mchimbaji, kwani kila apitaye aliuliza umepandwa na nani. Hata hivyo watu waliupanda.

Munga alikuwa mchimbaji hodari, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti aitwaye Umazi. Akamfundisha kushika kamba angali msichana mdogo. Umazi alipotimiza miaka ishirini, Munga alikuwa hataki mshika kamba mwingine yeyote. Wakaenda hivyo mpaka siku moja, kwenye pima la tisa, ukuta ulipolegea. Mchanga ulimwagika kwa mkupuo, ukamfunika Munga mpaka kifuani, na jiwe likamvunja mguu. Umazi alivuta mpaka ngozi ya viganja ikatoka, na kamba haikusogea hata kidogo. Watu walikuja wakafukua toka adhuhuri mpaka jioni. Munga alipona, lakini mguu haukurudi kuwa mguu.

Siku ya gulio, kijana mmoja wa ukoo wa pili wa wachimbaji, Tsuma bin Mwero, alisimama mbele za watu akasema, "Kamba ya mwanamke ni uzi. Ningalikuwa mimi juu, yule mzee angalitoka anatembea."

Neno hilo lilienea upesi. Tangu hapo hakuna aliyempa Umazi kamba ashike. Kila alipokutana na Tsuma walirushiana maneno, yeye akiitwa Uzi, na Tsuma akiitwa Domo, na waliosimama kando walicheka. Umazi hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Lakini akirudi nyumbani akamwona baba yake akijikokota kwenda uani, ulimi wote ulimkauka. Lililomla, wajukuu zangu, ni kwamba alimwamini Tsuma. Kwa miaka mitatu aliitazama mikono yake na kuiogopa.

Mwaka wa tatu Tsuma akabadilika. Uzi hakuusema tena. Siku moja beberu wa mzee wa kijiji aliingiza kichwa ndooni akanasa, akakimbia nayo huku na huku, na Tsuma katika kumkimbiza akaanguka kifudifudi kwenye tope la mifugo. Aliinuka, akamtazama Umazi kwenye foleni ya maji, akasema, "Haya, leo sema lolote. Nimestahili." Umazi akacheka. Alicheka kwa moyo wote, na kicheko kilipokwisha alijitwika mtungi akaenda zake upesi.

Aliogopa. Tsuma alikuwa mtu mzuri wa kutazama, na katika vijana wote wa Mwatsahu ni yeye peke yake ambaye Umazi angeweza kuzungumza naye juu ya udongo na mwamba akaeleweka. Moyo ulikuwa umeanza kumwendea bila kumwomba ruhusa mwenyewe. Umazi alijiona akiolewa na mtu atakayemwita Uzi ndani ya nyumba, mahali ambapo hakuna gulio la kusikia wala kucheka, na usingizi ukawa unampaa.

Shangazi yake Nyamvula hakuiona hofu hiyo. "Wagombanao ndio wapatanao," alimwambia. "Yale matusi yalikuwa mapenzi, mwanangu. Hakujua tu namna ya kuyasema."

Hapo, nawaambia ninyi mabinti na ninyi wavulana pia, shangazi alikosea, na mashangazi wengi wanakosea hivyo mpaka leo. Aliyekutukana amekutukana. Aliyekuumiza amekuumiza. Akija kukupenda baadaye, mapenzi yake hayawezi kurudi nyuma yakayageuza matusi kuwa maua.

Baada ya mavuno Tsuma akaja na mjomba wake kuposa. Walikaribishwa, wakapewa maji, na kabla mjomba hajaanza maneno yake ya heshima Umazi akatoka ndani. Haikuwa desturi, lakini alitoka.

"Niulize jambo moja tu," alisema. "Ulisema kamba yangu ni uzi. Bado wasema hivyo?"

 Tsuma akatazama chini. Umazi aliona usoni mwake jambo lililomtisha kuliko dharau yoyote. Aliona mtu anayeficha kitu. Tsuma akamgusa mjomba begani, wakaondoka bila kuposa.

Siku ya nne wazee walipokutana, Tsuma alisimama katikati bila kuitwa. Umazi alikuwa pale na baba yake.

"Wazee wangu," alisema. "Karibu na pale alipoumia mzee Munga, mimi nilichimba kabla yake. Nilikuta mchanga kwenye pima la nane. Nikafukia peke yangu, na mnyaa sikupanda. Nilikuwa na kiburi, kilikuwa kisima changu cha kwanza. Alipoumia, niliogopa watu wasije wakauliza habari za udongo, nikawaonyesha mikono ya Umazi. Hata wanaume kumi wasingemvuta mtu kutoka mchanga ule. Mikono yake haikuwa na kosa."

Baba yake Tsuma, mzee Mwero, aliinuka akaenda zake bila kumtazama mwanawe. Wazee wakaamua kwamba Tsuma atamchimbia Munga kisima kwenye uwanja wake, kwa jasho lake mwenyewe.

Mtadhani Umazi alifurahi. Alikwenda nyuma ya ghala akatapika. Miaka mitatu alikuwa amelala na hatia isiyo yake, na aliyemtwika alikuwa akichekesha watu kwenye foleni. Alirudi, akamwendea Tsuma mbele ya watu wote, akamwambia, "Usije kwetu."

Na Tsuma hakwenda. Hakutuma mtu, wala hakusimama njiani kwake na uso wa huzuni. Alipomwona mbele alipisha njia. Miezi miwili ikapita hivyo, na Umazi akajikuta akiipima ile miezi.

Kisha siku moja mchana Tsuma akaja, akasimama nje ya ua, akabisha hodi na kuzungumza na Munga.

"Baba, nimekuja kwa kazi, si kwa posa. Kisima nilichoamriwa sijakianza. Ndugu zangu wamekataa kunishikia kamba, wanasema nimeuaibisha ukoo. Mshika kamba ninayemwamini hapa Mwatsahu ni mmoja. Akikubali nitashukuru. Akikataa nitangoja mpaka hasira za ndugu zangu zishuke, na kisima utakipata vilevile."

Munga alimgeukia bintiye. "Mwanangu, si lazima. Mimi maji nayapata."

Umazi alikaribia ua. "Na nikikuachia kamba?"

"Utakuwa umeniachia."

"Usiniletee maneno ya ushujaa, Tsuma."

"Si ushujaa. Naogopa," alisema. "Toka jana sijala. Lakini sina haki ya kukutaka uniamini wewe kwanza. Uliwahi kuaminiwa na baba yako, nami nikakuharibia. Zamu ya kuogopa ni yangu."

 Umazi akauliza kamba iko wapi. Aliikagua yote, ncha hadi ncha, akaitupilia mbali, akaleta ya baba yake.

Walichimba siku kumi na tisa. Hawakuongea zaidi ya maneno ya kazi: legeza, kaza, ndoo. Kila asubuhi Umazi alijifunga ile ncha kiunoni, na Munga alikaa kando na mguu wake umenyooka, akitazama. Siku ya ishirini, Munga akiwa amejipumzisha ndani, kwenye pima la kumi na moja, udongo ulitoka umelowa. Tsuma alipaza sauti kwa furaha, akaanza kupanda. Alipofika katikati, kishikizo kikamong'onyoka.

Kamba ilikaza ghafla. Umazi alivutwa mbele, kisigino chake kikachimba mfereji ardhini, akasimama hatua mbili kutoka mdomoni mwa kisima. Uzito wote wa Tsuma ulikuwa mikononi mwake. Chini kokoto zilianguka, zikachelewa kufika topeni.

Na hapo ndipo alipopatwa na hofu ambayo hakuwa amewahi kuijua. Hakuogopa kushindwa. Mikono ilikuwa imara, aliisikia ilivyo imara. Aliogopa kwa sababu alijua kwamba akitaka, ataifungua. Watu watasema ni uzi, kama walivyozoea kusema, na hakuna atakayeuliza zaidi. Wazo hilo lilipita, likasimama mbele yake, naye akalitazama likiwa na uso wake mwenyewe. Jasho likamwingia machoni.

Chini Tsuma hakulia, wala hakumwita jina. Umazi alijua kwamba naye analiwaza lilelile.

"Tsuma!" alipaza sauti. "Mguu wa kushoto! Nimevihesabu vishikizo, kimoja kiko chini ya goti lako!"

"Sikioni!"

"Usikitafute kwa macho. Papasa. Nimekushika!"

Kamba ikalegea kidogo, ikalegea tena. Kishikizo kimoja kimoja, Tsuma akapanda, na Umazi akiirudisha kamba kwenye gogo bila haraka, mpaka mikono miwili yenye udongo ikashika ukingo. Tsuma alijivuta nje akalala kifudifudi. Umazi alikaa chini palepale, akaanza kulia kwa sauti, maana miaka mitatu yote ilikuwa inamtoka.

Tsuma hakumgusa. Alingoja mpaka alipomaliza.

"Nilitaka kukuachia," Umazi alisema. "Ujue hivyo."

"Nilijua."

"Na hukuniomba."

"Ningekuomba kwa haki gani?"

Umazi alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Kesho bado pima moja," alisema. "Nitashuka mimi. Wewe utashika."

Tsuma aliinua kichwa, na Umazi akaona hofu yake imekuwa kubwa kuliko ile ya kule chini. Ndipo moyo wa Umazi ulipotulia. Kesho yake alishuka, akafikia maji, akapanda, na kamba haikulegea hata mara moja.

Msidhani walipigiwa vigelegele wiki ile. Umazi alimwambia asubiri, naye akasubiri misimu miwili. Waligombana sana juu ya mahali pa kuchimba, na Domo aliendelea kuitwa Domo, lakini neno Uzi halikutamkwa tena na mtu yeyote Mwatsahu. Siku ambayo Umazi mwenyewe alisema "sasa", Tsuma akaja na wajomba zake kuposa mara ya pili.

Ndugu za Munga walikuwa wamejaa uwanjani, na mmoja wao akasimama kwa hasira. "Munga, utampaje binti mtu aliyekuvunja mguu na kulichafua jina la mwanao? Leo asema anampenda, nasi tuamini? Adui akisema anapenda, atajulikana kwa lipi?"

Munga hakuinuka, mguu ulimkataza. Alielekeza fimbo yake kwenye kisima kilichokuwa mbele yao, ambamo wanawake walikuwa wakiteka maji ya chai ya wageni.

"Huyu hakumwambia binti yangu, niamini," alisema. "Alikiri kosa lake mbele ya baba yake mzazi. Akafukuzwa, akafukuzika. Kisha akajifunga kamba, akampa ncha yake mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuiachia, akaingia gizani. Msiniulize kwa maneno yake. Adui akikupenda, mwache ashuke kisimani kwanza."