Wasia wa Miwaridi ya Bi Zuwena

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zao na majirani zao. Walisali, walioana, na walizikana kama tunavyozikana sisi.

Katika mtaa wao mmoja aliishi Nyati. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha bustani ya miwaridi nyuma ya nyumba, na aliacha mrashi wake, kile chombo cha shingo ndefu cha kunyunyizia wageni marashi.

Hitma ya mwaka ilikuwa inakaribia. Nyati hakutaka makuu. Alitaka siku hiyo mrashi ujazwe marashi ya mawaridi aliyoyapanda mkewe. Si marashi ya dukani. Yale yale ya mikono yake.

Lakini miwaridi ilikuwa imeshonana kama kichaka. Jirani yake, Mzee Tembo, akaja na mkasi mkubwa kumsaidia kuipogoa. Wakaanza kugombana kabla hata kijiti kimoja hakijaanguka.

"Tukate chini," alisema Nyati, panga begani. "Shina lipumzike, lianze upya."

"Chini! Unapogoa au unachimba viazi? Mwaridi huguswa ncha tu, kama mtu anayekata kucha."

"Kucha? Wewe zako umezikata lini, mzee?"

"Usitazame miguu yangu, tazama mti!"

Nyuma ya ua wa makuti alisimama Digidigi, mdogo, mwembamba, pua ikimcheza. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama chipukizi la mwaridi, lile jekundu, ambalo miiba yake bado ni laini. Aliwasikiliza wale wakubwa, mate yakamjaa kinywani. Akawaza: wakipatana watakata mara moja, basi. Wasipopatana, nitakula kila siku.

Akapita ua kwa kuruka. Tipu!

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, bwana mdogo."

"Mbona mnagombana, na marehemu ameacha wasia?"

Panga la Nyati likaanguka chini. Puu!

"Wasia gani?"

"Alipokuwa mgonjwa nilipita dirishani kumjulia hali. Akaniambia: 'Miwaridi yangu iguswe ncha tu.'"

Nani angebishana na wasia wa maiti? Nyati aliinamisha pembe zake. "Kama ndivyo alivyosema, basi ndivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Ahsante, mwanangu, kwa kunihifadhia maneno yake."

Hapo kitu kilimchoma Digidigi kifuani, lakini Tembo alikuwa ameshaanza. Kwacha! Kwacha! Ncha zikaanguka, laini, za kijani.

"Msihangaike na takataka hizi," alisema Digidigi. "Nitazitupa mimi."

Akazitupa tumboni.

Zilipokwisha, alimfuata Nyati akiwa peke yake kibarazani.

"Baba, kuna neno jingine aliloniachia. Alisema: 'Ncha zikishaguswa, mwambie mume wangu akate chini kabisa, lakini asimwambie Tembo, atahuzunika.'"

Nyati akashika panga. Fyeka, fyeka! Digidigi akala mpaka akapata kwikwi.

Mashina yalipochipua upya, mekundu, mazuri, alikwenda kwa Tembo.

"Mzee wangu, marehemu alisema yakichipua uyaguse ncha wewe, kwa sababu mkono wako ni mwepesi. Ila usimtajie Nyati jina la mkewe, atalia."

"Maskini Zuwena," alisema Tembo, akajifuta jicho kwa mkonga. Akaenda taratibu, Nyati akiwa msikitini. Kwacha! Kwacha! Na tumba la mwaridi, wanangu, hukaa pale pale nchani.

Ikawa hivyo. Huyu akikata, yule akikata, kila mmoja akiona mwenzake ameharibu, kila mmoja akinyamaza kwa heshima ya marehemu. Salamu zikapungua. Mwisho Tembo akawa anapita mlangoni kwa Nyati bila kubisha hodi. Digidigi akanona, shingo ikawa na mikunjo.

Siku ya hitma ikafika. Wageni walijaa, ubani ukafukizwa, juzuu zikasomwa. Digidigi naye alikuwepo, amekaa karibu na sinia la mikate ya kumimina. Kisha mmoja akasema, "Haya, Bwana Nyati, mrashi."

Nyati alisimama akiwa na mrashi mkononi. Aliutikisa. Haukulia.

"Nisameheni," alisema. "Hakuna hata ua moja. Kosa ni langu. Mke wangu aliusia nikate chini, nami nilikata vibaya."

Mzee Tembo akainuka. "Hapana, ndugu yangu. Kosa ni langu. Aliusia niguse ncha kila zikichipua. Mkono wangu ndio uliokuwa mzito."

Wakatazamana.

"Nani kakwambia?"

"Digidigi. Na wewe?"

"Digidigi."

Wageni wote wakamgeukia Digidigi. Digidigi aliuona mlango uko wazi, na alikuwa na mbio za kuwashinda wote. Lakini hakukimbia. Masikio yalimwaka moto. Alitamani wampige, lakini hakuna aliyempiga.

Nyati alimsogelea polepole, akapiga magoti mbele yake, na ule ukubwa wake wote.

"Bwana mdogo, sikuulizi kwa hasira. Nimeisahau sauti yake inavyotamka maneno. Katika yote uliyoniambia, hakuna hata moja alilolisema kweli? Hata moja tu. Nipe."

Digidigi aliinamisha kichwa.

"Dirishani sikwenda," alisema mwishowe. "Alipougua sikwenda hata siku moja. Lakini alipokuwa mzima, kila akipogoa, alinitupia vijiti nje ya ua. Alisema..."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Wewe mwizi mdogo, nakuona. Kula hivi ushibe, matumba niachie.'"

Nyati akacheka, na machozi yakimtoka. "Mwizi mdogo! Ndiye huyo! Mzee Tembo, umesikia? Ndiye yeye hasa! Sema tena, mwanangu."

Digidigi akasema tena, mbele ya watu wote, akijiita mwizi kwa kinywa chake. Na kila aliporudia alikumbuka kwamba yule mama alikuwa akimpa bure kile alichokuja kukiiba kwa jina lake.

Nyati alijaza maji ya kisima kwenye mrashi, Tembo akamshikia kifuniko, wakanyunyizia wageni pamoja. Walipomfikia Digidigi, Nyati alimnyunyizia kama wengine, akamsogezea mkate. Digidigi aliuchukua. Hakuweza kuumeza.

Basi, wanangu, msimtilie marehemu maneno kinywani. Yeye hawezi kuwajibu, na aibu ndiyo itakayomjibia.