Kopo la Iliki

Wapendwa, alikuwapo mama mmoja, mpishi wa shughuli, ambaye pilau lake liliwatoa hata wagonjwa kitandani. Mama huyu alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI kwa mwaka wa tisa. Dawa zake alizificha kwenye kopo la iliki, akatia pamba ndani zisilie kopo likitikiswa. Kila jioni alimeza kidonge akinung'unika: Bwana, niondolee hiki, mpaka lini?

Kaka yake alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, tumbo limevimba, macho manjano. Ukoo ukasema amerogwa. Walimpeleka kwa mganga, kupimwa hakupimwa.

Asubuhi moja mama akabeba kopo lake kwenda kliniki, amekata shauri kuzirudisha dawa. Si mzima? Si anainua sufuria la shughuli peke yake? Kabla hajafungua kinywa, daktari akamwambia vipimo vya juzi vimeonyesha ana homa ya ini, ile ya B, na huenda anayo tangu utotoni. Alichokiona ni tumbo la kaka yake.

"Mama, nisikilize," daktari akasema. "Virusi hivi viwili vikikaa mwili mmoja, ini huharibika upesi zaidi. Lakini ini lako liko salama. Katika kidonge unachomeza kila siku mna dawa inayovizuia vyote viwili. Ukiiacha ghafla, homa ya ini inaweza kuamka kwa nguvu."

Mama akalikumbatia kopo. "Na kaka yangu, Daktari?"

"Sijui, Mama. Hakuletwa."

Alilia, kisha akashukuru, kisha akalia tena. Jumamosi ile akawaita wadogo zake na wanawe, akapika pilau, akalifunika, akatoa sharti kwamba hakuna atakayekula kabla ya kupimwa. Njaa ikawapeleka kliniki. Wawili wakakutwa na homa ya ini mapema, wakaanza kufuatiliwa, waliobaki wakachanjwa. Kopo likahamia mezani, bila pamba.

Sasa sisi. Sisemi ugonjwa ni zawadi, Mungu apishe mbali. Nauliza tu, ni mara ngapi tumenung'unikia mkono uliotushika tusianguke? Na ni nani wetu tumempeleka kwa mganga, wakati kliniki iko wazi?

Miaka tisa mama yule aliomba aondolewe kidonge. Na Mungu, kwa rehema zake, miaka tisa hakumjibu.

Ndugu zangu, leo tusianze kwa kuomba. Tuanze kwa kushukuru, hata kwa yale aliyotunyima.