Mfarishi wa Shekue

Apeni kwanza kwamba maneno haya hamtayatoa nje. Vizuri. Ninyi mmeapa, mimi sikuapa, basi nayatoa.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Shekue, mpweke, hana hata wa kumuuliza ameamkaje. Akakata mapindo ya kanga za majirani zilizoanikwa kambani, ashone mfarishi wa viraka. Zimwi moja, fundi wa kutia nguo rangi, likamletea chungu cha nili, rangi ya buluu.

“Chovya, wenyewe hawatayatambua. Ila kila pindo litasema kwa sauti ya mwenye kanga.”

“Ndivyo nitakavyo,” akasema Shekue.

Akachovya pindo jeupe, likawa la buluu, likamsalimu. Akachovya jekundu, likawa la zambarau, likamsalimu. Akachovya la manjano, likawa la kijani, likamwita shoga, na Shekue akalia. Tangu hapo akajifunika mfarishi wake, wakapiga soga.

Majirani wakasikia vicheko. “Huyu ana wageni gani, nasi hatujui?” Wakaingia mtaa mzima, wakamkuta peke yake, mikono ya buluu hadi viwikoni.

“Shekue,” akauliza mmoja, “pindo la kanga yangu hukuliona?”

Kabla hajakana, kiraka cha kijani kikaitika kwa sauti ya muulizaji mwenyewe: “Nipo hapa, shoga.”