Siku Karani Kobe Alipokagua Giza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Anayetaka kusinzia asinzie, lakini asikorome.

Hapo zamani za kale, kwenye jabali lenye mapango mengi, waliishi pimbi. Pimbi mnawajua: wanene, hawana mkia, na kuota jua la asubuhi ndiyo kazi wanayoiweza. Walikuwa na desturi moja. Wengine wakila majani, mmoja hukaa juu ya jabali kumwangalia Tai. Akimwona tu hupiga ukelele, kwiii, na wote huingia mapangoni, pu, pu, pu.

Mlinzi wao alikuwa Bi Pimbi. Macho yake yalikuwa makali. Yalikuwa, nasema, mpaka binti yake mdogo, Chausiku, alipoanza kuogopa giza.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Mama, bado upo?"

"Nitakwenda wapi, mwanangu?"

Ikawa hivyo hivyo mpaka kunakucha. Asubuhi Bi Pimbi akapanda jabalini, akakaa, akasinzia. Tai akapita, vuuu, akamkosa mtoto wa jirani kwa upana wa unyoya.

Jumbe wa pimbi akamwita. "Dada yangu, nakupa siku tatu. Ukisinzia tena, utahama jabali hili, wewe na mwanao."

"Nihamie wapi, Jumbe? Huko bondeni kuna chui."

"Ndiyo maana nimekupa tatu. Ningeweza kukupa mbili."

Siku ya kwanza Bi Pimbi alijifinya asisinzie. Jioni akaenda kwa Karani Kobe, aliyeshughulikia mambo yote ya jabali, tena polepole.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Shida?"

"Naomba ruhusa ya kuweka mwanga pangoni. Mwanangu anaogopa giza."

Kobe akarefusha shingo. "Giza ni mali ya umma, mama. Halipunguzwi hivi hivi. Sharti nije nilikague, nijue ni kiasi gani."

Siku ya pili Bi Pimbi alilinda akiwa amekalia mwiba. Kobe naye akaja kukagua giza. Akaja saa sita mchana, maana hizo ndizo saa za kazi. Akasimama mlangoni, jua limeingia mpaka kwenye malazi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaandika kwenye jani: Giza halikuonekana.

"Karani, giza huja usiku."

"Usiku ofisi imefungwa, mama. Barua ya kukataliwa nitakuletea kesho, mwenyewe, kwa heshima yako."

Bi Pimbi hakuisubiri barua. Jua lilipozama alishuka kijitoni, akawaomba vimulimuli wote waje. Wakaja arubaini. Wakajaa pangoni, wakajaa darini, pango likawaka kama lina harusi.

Chausiku akatoa macho. "Mama, nani huyo mnene nyuma yako?"

"Ni kivuli changu."

"Mwambie aende kwao."

Kivuli hakikwenda. Chausiku akaruka, akacheza, akalia, akacheza tena. Kulala hakulala. Bi Pimbi akawashukuru wageni, akawaomba waondoke. Wakaondoka wote, isipokuwa mmoja, Babu Kimulimuli, mzee aliyechoka kuruka. Akatua chini, nyuma ya jiwe, miguuni mwa malazi. Mwanga wake ulikuwa mdogo, tena wa kupumzika pumzika.

Meta... tii. Meta... tii.

Ikawa meta, Chausiku akamwona mama. Ikawa tii, hakumwona. Meta, mama yuko palepale. Tii. Meta, mama yuko palepale, ila sasa anapiga miayo.

"Mama, hata giza likija huondoki."

"Siondoki."

"Nimeona," akasema Chausiku. Akalala fofofo. Bi Pimbi akalala. Babu Kimulimuli naye, alipoona hana wa kummulikia, akajizima.

Siku ya tatu Bi Pimbi alikaa jabalini bila mwiba, macho kodo. Saa sita mchana akamwona Kobe anakuja uwanjani, barua mdomoni. Juu yake akaona kitone cheusi, kinashuka.

Kwiii!

Pimbi wakaingia mapangoni, pu, pu, pu. Kobe si wa kukimbia. Alipata muda wa kuingiza kichwa na miguu, basi. Tai akagonga gamba, ko, ko, ko. Likamshinda, akaenda zake.

Bi Pimbi akashuka, akabisha hodi mgongoni. "Karani, ameshaondoka."

Sauti ndogo ikatoka gambani.

"Mama."

"Naam."

"Upo?"

"Nipo."

"Humu ndani kuna giza."

"Kiasi gani, Karani?"

Alitoka baada ya kitambo, shingo kwanza. Akaiokota barua yake, akafuta yote, akaandika upya: Giza limekaguliwa. Limeonekana. Kibali kimetolewa.

Jumbe alipokuja kumpongeza mlinzi wake, alimkuta Kobe bado hajaondoka, ameshasimuliwa habari za Babu Kimulimuli. Amesogea karibu na sikio la Bi Pimbi, anauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mzee wako wa nyuma ya jiwe, mama, hana ndugu?"

Basi, wenye watoto, sikieni. Mtoto akiogopa giza msimcheke, wala msimjazie nyumba taa. Mpeni mwanga mdogo, wa chini, wa kutosha kumwonyesha kwamba mpo. Kisha muwepo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye karibu na taa aipunguze. Asiizime, nami nataka kuona njia ya kwenda kulala.