Kampeni Chafu ya Bwana Mkwizu

Mpaka leo sijaelewa kwa nini matusi ya kampeni humlenga mgombea, lakini anayekimbia ni mpiga kura.

Bwana Mkwizu, mwenyekiti wa soko, alitaka kushinda tena ili awafukuze wauza nyanya na kujenga maduka yake. Akamwita Sihaba, mwanamke mwenye kipaza sauti.

"Mchafue mpinzani wangu, Mama Nakijwa, mpaka watu wachukie uchaguzi wenyewe. Wakibaki nyumbani, ukoo wangu hapa mtaani unanitosha."

"Utajuaje nimefanya kazi, mzee?"

"Nataka nisikie mwenyewe!"

"Utasikia mpaka uzibe masikio."

Wiki nzima Mkwizu alicheka barazani, kipaza sauti kikinguruma: "Nakijwa mchawi! Nakijwa haogi!"

Siku ya kura, wauza nyanya walijipanga foleni wakiimba. Wa ukoo wa Mkwizu hakuja hata mmoja, naye akaenda kuwagongea milango.

"Shangazi, mbona hamtoki?"

"Tukapige kura? Matusi dirishani wiki nzima! Siasa imetutia kichefuchefu."

Mkwizu akamrukia Sihaba. "Kwani kwingine hukutangaza?"

"Mzee, ningekwenda mbali ungesikiaje?"

Mama Nakijwa, mwenyekiti mpya, akaamua meza za nyanya zibaki palepale. Sihaba akatumwa kuutangaza uamuzi huo, akaanzia barazani kwa Mkwizu.