Kiboko Aanikwa na Matofali Yake

Zamani, watoto, zamani hasa, wanyama walikuwa na simu. Msiniulize vocha walinunua wapi.

Pimbi alikuwa kibarua wa kufyatua matofali kwa Mzee Kiboko. Matofali yakianikwa juani, ka! ka! yanapasuka. Pimbi akaona heri ayafunike nyasi, yakauke taratibu. Akajaribu kwa nyasi mbichi, yakawa uji.

"Babu yangu alianika juani!" Kiboko akafoka, mwenyewe kajilaza mtoni, pua tu nje. "Rudia ujinga huo uone. Kazi huna!"

Pimbi akarudi nyumbani analia, maana kazi hiyo ndiyo iliyolisha wanawe. Akaandika kwenye kundi la wafyatua matofali, simuni: "Mimi basi. Naacha."

Tin! Bi Kobe wa nchi ya mbali akajibu: "Uache nini, mwanangu? Yangu yaliporomoka yote, mpaka wifi yangu akacheka. Weka nyasi kavu."

Tin! Mchwa naye: "Dada, wazo lako zuri. Jaribu tena, tuko nawe."

Hakuwajua hata sura, lakini moyo ukamrudi. Asubuhi akaenda mtoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Wanasema babu yako alikaa juani na matofali yake, akiyasimamia. Nikawaambia, Mzee Kiboko wetu hawezi."

"Nani hawezi?"

Akatoka majini, akajitupa katikati ya matofali, puu! Mawili yakafa hapo hapo.

Jua likapanda. Vibarua wote wakasimama kumtazama. Ngozi ikakaza, ikakaza, halafu ka!

"Yalaa! Pimbi! Nifunike!"

"Mto si ule pale, mzee?"

"Niondoke wananitazama? Napasuka, huoni? Lete nyasi!"

"Kavu ninazo. Na matofali je, nayo yanapasuka?"

Kiboko akaangalia nyufa za tofali, akageuza shingo kuangalia za mgongo wake.

"Funika," akasema. "Tufunike sote."

Matofali yakakauka bila ufa mpya hata mmoja. Kiboko akawa anawaeleza wageni kwamba ndivyo alivyofanya babu yake. Pimbi akamwitikia, "Ndiyo, mzee," huku akiyapiga matofali picha awatumie Bi Kobe na Mchwa.

Mimi nimemaliza, na nyie shikeni hili: mwenye wa kumtia moyo, hata awe mbali, hachoki kubuni.