Kichwa Kilichosukwa Nusu

Sogeeni karibu, na atakayesinzia simwamshi! Palikuwa na zimwi lililokaa kisimani na kibuyu chake. Kila uzushi uliosemwa pale kisimani uliingia humo, na ukitimia wa tatu juu ya mtu mmoja, zimwi lilikwenda kumla aliyezushiwa.

Siku moja Riziki alimsuka shoga yake Siwema nusu kichwa, kisha akaenda kisimani kuchota maji. Mara zimwi likapiga hodi.

"Siwema, umesemwa mara tatu kuwa mchawi. Nimekuja kukula."

"Nani kanisema?"

Zimwi likazibua kibuyu. Ikatoka sauti ya Riziki. Ikatoka ya pili, Riziki yule yule. Ya tatu ikasema, "Mimba zake zote tatu kaziloga mwenyewe." Habari za mimba zile zilizoharibika Siwema alimwambia Riziki peke yake, akilia, kichwa kimelala mapajani mwake akisukwa.

Zimwi likambembeleza, "Nitajie baya lake moja, nimle yeye badala yako."

Mabaya ya Riziki alikuwa nayo, jamani, tena tele! Likamwomba mara ya pili, likamwomba ya tatu. Siwema akakataa kutaja hata moja. Kila aliyeombwa kabla yake alimtaja mwenzake, na kibuyu kikashiba maneno hayo ya kulipizana; safari hii kikapasuka kwa njaa, na zimwi, ambalo uhai wake ulikuwa humo, likatoweka.

Riziki akarudi na mtungi, anacheka. "Njoo nikumalizie, shoga."

Siwema akajifunga kanga kichwani. "Kichwa changu hakilali tena mapajani mwako."

Nami hadithi yangu naifunika kwa kanga hiyo hiyo.